Kuku wa Papa

Papa aliteleza kwenye miti ya mitego ya samaki pale kwenye maporomoko ya Wagenia, akavunjika mguu chini ya goti. Tonton, mdogo wake, alimpeleka kwa mfunga mifupa wa mtaa wetu. Mzee yule akaunyoosha mguu, akaufunga kwa vipande vya mianzi na kamba, kisha, kama ilivyo desturi, akamvunja kuku mguu na kumfunga vilevile. Siku kuku atakapotembea, papa naye atatembea. Nilikuwa mwaka wa pili wa udaktari. Lakini kusema kweli, niliamini kidogo.

Siku ya nne, chuoni, tulionyeshwa mfupa kwenye hadubini, kipande kilichosuguliwa kikawa chembamba hata mwanga ukapita. Mimi nilidhani mfupa ni kitu kikavu, kama kuni. Kumbe kulikuwa na miviringo ndani ya miviringo, na katikati ya kila kundi tundu. Mwalimu akasema humo ndimo inamopita mishipa ya damu. Vidoa vyeusi kati ya miviringo vilikuwa vyumba vya chembe hai, zinazolishwa kwa vijia vyembamba kuliko unywele. Damu ikikatika, alisema, vyumba vyote hubaki vitupu. Nikazikumbuka zile kamba. Sikungoja somo liishe.

Nyumbani nilimtazama kuku kwanza. Alikuwa akidonoa mchele bila wasiwasi, na vidole vya mguu uliofungwa vilikuwa vyeusi.

Nikabonyeza kidole cha mguu wa papa, kikawa cheupe. Nikangoja rangi irudi. Haikurudi.

“Kuku iko nakula muzuri, mutoto yangu,” papa akasema. “Usiogope.”

Nilikwenda kuchukua kisu. Tonton akanizuia mlangoni, akaninong'oneza, “Bon, kata. Lakini kuku ikikufa, utamuambia papa yako nini?”

Nikampita. Nikazikata zile kamba. Damu ilipoanza kurudi papa alipiga yowe, nami nikalia kwa shukrani, maana mguu uliokufa hauumi. Tukambeba hadi hospitali, wakamwekea plasta. Katika haraka ile hakuna aliyemkumbuka kuku.

Kuku alikufa siku ya tatu baada ya hapo. Papa, pale kitandani hospitalini, hakuniuliza habari za damu wala za mfupa.

“Kuku iko natembea?”

Nilimtazama usoni, mimi daktari wa kesho, nikaogopa kuliko siku ya kisu.

“Iko natembea, papa,” nikasema.