Felisa Aliyehesabu Siku Zetu

Mimi na Felisa Bantolo tulilala ubavu kwa ubavu kwa mwaka na ushee, katika gereza la mahabusu la San Roldan, kisiwani Negros. Selo yetu ya wanawake ilijengwa kwa watu kumi na wanane. Tulikuwa sabini na mmoja. Ukitaka kugeuka, mnageuka mstari mzima.

Felisa alikuwa muuza uji wa mchele sokoni. Siku moja simu kuukuu ya mteja ilipotea, ikakutwa chini ya meza yake, naye akabebwa. "Wiki mbili tu, mama," askari alimwambia. Zikawa mwaka na miezi minne. Kesi yake iliitwa mara tisa: mara shahidi hayupo, mara hakimu amehamishwa, mara jalada halionekani. Dhamana hakuiweza.

Shule aliishia darasa la sita. Lakini alikuwa mbishi, mbishi hasa, na ubishi ule ndio uliotufaa.

Mwezi wa Juni alikuja Bi Nenita Sorongon, mama wa msaada wa kisheria, kutufundisha haki zetu. Nisiseme uongo, wengi tulifuata mkate aliokuja nao. Katikati ya maelezo akasema kwamba mahabusu akishakaa ndani muda sawa na adhabu kubwa kabisa ya kosa analoshtakiwa, sheria inataka aachiwe, hata kama kesi haijaisha.

Felisa akanyoosha mkono. "Samahani, Bi Nenita. Hebu rudia hapo."

Akarudia.

"Na mimi wa simu, adhabu yangu kubwa ni ngapi?"

"Kwa simu kuukuu kama ile? Miezi sita."

Felisa akashika kiuno. "Mama yangu! Kumbe muda wote huu nimekuja kutembea tu!"

Tulicheka mpaka askari akagonga nondo. Ila yeye, baada ya kicheko, alikaa akitazama vidole vyake, akihesabu.

Aliandika maombi yake kwa mkono, akayapeleka mahakamani. Yakarudi baada ya wiki tatu: hakuambatanisha hati ya mkuu wa gereza inayoonyesha siku alizokaa. Alilia kutwa nzima. Kesho yake akaazima daftari, akaanza kupita godoro kwa godoro. Ulikamatwa lini? Kwa kosa gani? Umepelekwa mahakamani mara ngapi? Waliosahau tarehe aliwabana. "Mvua zilikuwa zimeanza? Miwa ilikuwa imekatwa? Fikiri, shoga, usinichoshe!"

Daftari alilipeleka kwa mkuu wa gereza, Kapteni Arsenia Lacdao.

"Wewe Felisa, nani kakuajiri ukarani?"

"Hakuna, afande. Karani wako ana watu mia tatu wa kuwahesabu. Mimi nina sabini na mmoja tu."

Kapteni akalifunua, akasoma kimyakimya, akavuta kalamu. "Nimelalamikia msongamano huu mpaka sauti imekauka. Lete hati zako nitie sahihi."

Safari hii Felisa alimtanguliza Bibi Ensang, mwenye miaka sitini na minane, aliyekaa miaka miwili kwa tuhuma ya kuiba bata wawili. Siku ya maombi hayo kesi yangu na ya Felisa pia ziliitwa, kwa hiyo tulikwenda watatu kwa pingu moja.

Mwendesha mashtaka alisimama akitabasamu. "Mheshimiwa, maombi haya yameandikwa na muuza uji."

"Nimeyasoma," hakimu akajibu, "na mwandiko wake unasomeka kuliko wako. Hesabu ya siku ni sahihi au si sahihi?"

Bwana yule akapekua karatasi, akapekua tena. "Ni sahihi, mheshimiwa."

"Basi bibi huyu anakwenda nyumbani leo."

Bibi Ensang masikio yalikuwa mazito. "Kasema niende wapi?"

"Nyumbani, bibi!" Felisa akamwambia.

"Wee! Si watu wangu watakimbia? Watadhani nimefufuka!"

Hata hakimu alijiinamia kuficha kicheko. Kisha akamgeukia Felisa. "Wako wangapi wengine kama huyu?"

"Kumi na tisa, mheshimiwa. Na mimi nimo."

Siku nane baadaye hakimu alikuja gerezani mwenyewe na karani wake, wakaweka meza uani. Majina yakaitwa moja moja, na kila aliyeachiwa tulimpigia sahani za bati hadi lango lilipofungwa nyuma yake. Felisa alikuwa wa mwisho. Askari akampa hati ya kuachiwa atie sahihi.

Akaisoma yote. "Afande, hapa mmeandika Felina. Mimi Felisa."

"Aa, mama, tia tu sahihi utoke!"

"Nikikamatwa tena njiani kwa sababu ya jina la Felina, utakuja kunitoa wewe? Pigeni upya."

Alingoja saa nzima, amekaa juu ya mfuko wake wa nguo, huku sisi ndani tukiimba jina lake, silabi kwa silabi, ili mpiga chapa asikosee tena. Alitoka kichwa juu, hakukimbia.

Mwaka uliofuata kesi yake ilifutwa kabisa. Uji anauza bado, ila Alhamisi hafungui. Anakuja gerezani na Bi Nenita kufundisha wapya kuhesabu siku zao. Mimi, siku zangu zilipotimia, nilitoka wa ishirini na tatu, na maombi yangu niliyaandika mwenyewe.