Mzigo wa Mchukuzi wa Jiwe

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kuogopa vivuli. Nilitoka Kiplombe bila viatu, nikarudi kutoka Ulaya na diploma ya uchongaji. Kwa hiyo nikikuambia jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, usidhani nililala nikaota.

Wazungu wa kamati walinipa mimi, si mwingine, kazi ya kuchonga sanamu ya koloni nzima ya kukumbuka Vita Kuu. Mbele askari na bunduki. Nyuma mchukuzi wa kariakoo, kile kikosi cha wapagazi wa jeshi, mikono juu, ameshika sanduku la risasi kichwani. Askari ni ushujaa, walisema. Mchukuzi ni utiifu. Nilichonga shingo ya yule mchukuzi mpaka mishipa ikaonekana. Hata walimu wangu wa Ulaya hawangeiweza. Siku niliyoimaliza, ilikuwa ifunuliwe kesho yake, na kama kamati ingeikataa, nani tena angempa Mwafrika kazi kama hiyo?

Jioni hiyo nilitoka kazini kwa barabara ya Kapseret. Ukungu ulikuwa umeshuka. Mbele yangu akaja mzee mwenye blanketi kuukuu, miguu mitupu, sanduku kichwani.

"Kijana wangu, nitue."

Nani wa kwetu anaweza kukataa? Mwenye mzigo mzito hajitui peke yake. Akiomba, unasimama, mnaushika pamoja, mnauweka chini, anapumua. Hata mtoto anajua. Lakini chini kulikuwa na matope, na mimi nilikuwa na nguvu zangu na haraka zangu. Nikamwambia, "Lete, Mzee, nikubebee mpaka pale pakavu." Nikajitwika.

Niamini, halikuwa la mbao. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mzee akanyoosha shingo polepole, nikasikia mifupa ikilia.

"Tangu vitani watu wananiuliza nimebeba nini," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kupokea."

Nikageuka nimuulize anaenda wapi. Hakuna mtu. Nikapapasa kichwani. Hakuna sanduku. Uzito tu.

Kesho yake turubai likavutwa mbele ya watu wote. Mchukuzi alikuwa amesimama, mikono juu, na juu ya kichwa chake hakuna kitu. Jiwe laini, hata alama ya patasi hakuna. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza sanduku liko wapi. Mwingine angekimbia. Mimi nilimjibu, "Hiyo ndiyo maana yake, Bwana. Vita vimekwisha, mzigo umetuliwa." Wakapiga makofi. Mpaka leo watu wanawaeleza watoto wao hivyo hivyo.

Mama yangu hakupiga makofi. Aliniona nikiinama kwenye mlango ambao zamani nilipita wima. "Ulaya walikufundisha yote," alisema, "ila kumtua mtu."

Tangu hapo shingo haigeuki. Suti zangu nzuri za Ulaya bado navaa, ila kofia sivai. Nikikaa, uzito unazidi, kwa hiyo natembea kila jioni, na mikono inapanda juu yenyewe. Nikikutana na kijana mwenye nguvu, mdomo unataka kulisema neno lile la yule mzee: "Nitue." Bado nalimeza, lakini uzee unakuja.

Kwa hiyo sikia. Ukikutana kwenye ukungu wa Kapseret na mzee wa suti nzuri akakuomba umtue, usijifanye shujaa. Ushike mzigo pamoja naye, muuweke chini. Hata kama ni matope.