Ujumbe Ulioishi Saa Moja

Mimi ni mtu wa nyumbani. Huku Kilungu wote wanajua, na hawaniachi nisahau. Jirani yangu wa upande wa juu, mama asiyejua kumeza neno, husema siku nikionekana barabarani watu waulize ni nani amekufa. Kwa hivyo kikundi chetu cha wakulima wa maembe kilipotangaza kwamba habari za lori la mnunuzi sasa zitakuja kwa app, mimi ndiye nilipiga makofi ya kwanza. Simu italia nikiwa kwa kiti changu, nichume, nipakie, nirudi kwa kiti. Mungu anipe nini tena?

Hapo awali katibu alikuwa anatuma meseji ya kawaida: lori linakuja kesho, chumeni leo. Tukaambiwa hiyo ni ya kizamani, tukaiaga.

Na msimu huu miti yangu ilizaa. Ilizaa mpaka nikakata nguzo za kushikilia matawi. Lakini embe la lori lina masharti kama mkwe: lichumwe limekomaa na bado ni gumu. Ukichelewa likaiva mtini, mnunuzi hata hainami kuliangalia. Mwaka wetu wote, mimi na mama watoto, ulikuwa unaning'inia pale juu.

Sasa, huku kwetu hakuna mtu anawasha data mchana. Bando ni kama mafuta ya taa, huyachomi kukiwa na jua. Jioni baada ya kula ndipo unaweka simu dirishani inapopata mtandao, unawasha, unangoja vitu vimwagike, unasoma, unazima. Mzee na kijana, hiyo ndiyo desturi. Nilifanya hivyo kila jioni wiki hiyo. Mahubiri yakamwagika. Video ya mbuzi anacheza ikamwagika, imetumwa na shemeji watatu tofauti. Kutoka kwa kikundi, kimya.

"Si uende uulize pale chini njia panda, lori linapopakia?" mama watoto akasema.

"Niulize nini? Lori likikuja, app itasema." Nilimjibu kama mtu aliyeitengeneza kwa mikono yake.

Asubuhi moja nilikuwa kwa chai wakati yule jirani alipita akitoka kupeleka maziwa. Akasimama kwa ua.

"Aiya! Baba watoto, wewe bado unakoroga sukari? Lori limejaa, limeenda."

"Lori gani? Simu haijalia."

"Basi bembeleza hiyo simu ilie. Mimi nimelila vumbi lake kwa mdomo."

Nilikimbia. Mimi! Na ndara, mteremko mzima, watoto wa watu wakinishangilia. Njia panda nilikuta majani makavu ya kufungia maembe na alama za magurudumu. Waliopakia ni wale wa karibu na lami, walioliona likiingia. Sisi wa milimani, hakuna hata mmoja.

Mkutano ulifanyika kanisani baada ya ibada. Kijana anayetuandalia app alipanda kutoka mji wa Salama, ambako kikundi kimekodi chumba cha ofisi. Akafungua kompyuta yake juu ya meza ya sadaka, akaangalia, akatabasamu.

"Wazee wangu, system iko sawa. Seva inaonyesha ujumbe ulitumwa kwa simu zote. Siku moja kabla ya lori, saa sita mchana."

"Ulitumwa," nikasema, nimeshasimama. "Ulifika?"

Akaeleza kwamba seva yetu haigongi mlango wa simu yenyewe. Inapeleka ujumbe kwa kituo cha katikati, kituo kinaushika mpaka simu ionekane hewani. Simu ikikosa kuonekana, ujumbe unangoja.

"Unangoja mpaka lini?"

"Inategemea na vile umewekwa."

"Huu wetu uliwekwa aje?"

Akashusha sauti. "Saa moja. Halafu unafutwa. Ili msisumbuliwe na habari zilizopitwa."

Kanisa lote likapiga mbinja. Saa moja! Ujumbe umezaliwa saa sita, saa saba umezikwa, na sisi tunawasha data jioni kwenda kuutafuta. Nikamuuliza aliujaribu wapi. Ofisini, akasema, na simu zote zikalia. Ofisini kuna Wi-Fi, inatiririka mchana kutwa!

"Lakini mzee, kwani mkiacha data ikiwa on kuna shida gani?"

"Kijana wangu," yule jirani akaropoka kutoka viti vya akina mama, "wewe bando linakumwagika kama kipindupindu, sisi tuna kwashakoo, tumekonda kwa kulikosa. Ulishawahi kupanda huku ukauliza tunaishi aje?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia abadilishe. Nilidhani atasema wiki mbili, atasema kamati, atasema wataalamu. Akabonyeza, akafuta moja, akaandika ishirini na nne, akabonyeza tena. Hata kitini hakuinuka.

"Imeisha," akasema. Mwenyekiti akasema tumshukuru, wakampigia makofi. Hapo ndipo nilishikwa na hasira. Lingekuwa jambo kubwa ningevumilia. Mvua ikikataa, navumilia. Lakini tarakimu mbili! Mtu mzima akose mwaka wake kwa sababu ya kitu kinachorekebishwa kabla hujapiga chafya, halafu aambiwe apige makofi?

Nilitoka kabla ya sala ya kufunga. Nyumbani nilimkuta mama watoto chini ya miti, anafagia maembe yaliyopasuka, anayatia kwa karai ya ng'ombe. Nyuki walikuwa wamejaa mpaka huwezi kusikia vizuri.

"Wamesema nini?"

"Wamesema imerekebishwa. Ujumbe sasa utafika."

Embe lingine likaanguka nyuma yake, pwaa. Hakugeuka.

"Ufike utukute na nini?"