Pole au Nisamehe

Kazi yangu ni kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu za watu, pale Tabata, ndani ya chumba kilichobandikwa magodoro ukutani ili honi zisipenye. Kwa mdomo huu nimeshaua, nimeposa, nimezikwa, na sikuwahi kukwama. Nikaja kukwama kwenye neno moja analolijua hata mtoto wa chekechea: sori.

Filamu ilikuwa ya mambo ya anga. Shujaa ni rubani wa chombo kinachotoka nyota hii kwenda ile, na kila safari anaondoka na wenzake, anarudi peke yake. Mmoja alimwacha kwenye sayari ya barafu ili chombo kipungue uzito kiweze kupaa. Miaka mingi baadaye anarudi kule, anamkuta mwenzake amekuwa bibi kizee. Anapiga magoti kwenye theluji, anasema sori. Bibi anajibu kitu, ila muziki umefunika, unaona midomo tu.

Sasa mwenzetu Mzungu ana neno moja, sie tunayo mawili. Ukisema "pole", umemwonea mtu huruma; lililompata limempata, wewe humo. Ukisema "nisamehe", umekiri kwamba mkono wako upo. Nilikirudia kipande kile hata sijui mara ngapi, nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Rubani alikosa au hakukosa? Asingemwacha yule mmoja wangekufa wote. Lakini kwa nini aachwe yeye, rubani asibaki mwenyewe? Binti anayeingiza sauti za kike siku hizi akachoka kunisubiri. Akasema, "Braza, chagua moja twende, si filamu tu hii?" Nikamwambia kichwa kinaniuma. Uongo mtupu, kichwa kilikuwa kizima.

Zamani nilikuwa na kazi hiihii Buguruni, nyuma ya duka la vipuri, mie na dada mmoja mwenyeji wa palepale, aliyenizidi miaka sita. Mie sauti za kiume, yeye za kike na za watoto. Ukweli niuseme: kwenye vibanda vya kuonyeshea filamu watu walimfuata yeye. Akilia kwenye spika, wanaume wazima wanasingizia vumbi limewaingia machoni. Nilimpenda, na nilimwonea wivu hadi nikawa siupati usingizi. Studio ya Tabata ilipotuita, ilituita wote wawili. Nikawajibu kwamba dada hataki, ana mambo yake. Sikuwahi kumwuliza. Kwake niliaga tu kwamba nimepata nafasi, akaniombea dua.

Akabaki anafanya sauti zote, zake na zangu, mpaka sauti ikamkatika, wakampasua koo kumtoa vivimbe. Daktari alisema vivimbe vile humpata yeyote anayeishi kwa kupaza sauti, walimu, makondakta, na mie nikalidaka neno hilo nikajikinga nalo. Nilikwenda hospitali na machungwa, nikamwambia, "Pole sana, dada." Hakuweza kujibu. Aliniminya mkono, nikaondoka haraka.

Ndiyo maana siku ile ya rubani nilitoka studio, nikachukua bodaboda hadi Goba, juu kule kilimani anakofuga kuku wa mayai. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya kukwaruza ambayo ukiisikia mara ya kwanza unadhani anakutania. Tukakaa kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa, yeye anafuta mayai kwa kitambaa. Nikaanza kumsimulia filamu, nikizunguka mbuyu kama kawaida yangu. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza kama yule bibi alijua kwa nini aliachwa yeye na si mwingine. Nikasema filamu haielezi.

Hapo nikaacha kuzunguka. Nikasema, "Dada, Tabata walituita sote wawili. Mie ndiye niliyewaambia hutaki. Nisamehe."

Akafuta yai alilokuwa nalo, akaliweka kwenye trei, akachukua jingine.

"Nishapoa, mdogo wangu," akasema, halafu akauliza kama nimekula.

Nilikula wali wake, nikapewa na mayai, nikateremka kilima nimekumbatia trei nyuma ya dereva bila kuelewa chochote. Labda hakunisikia vizuri, kuku walikuwa wanapiga kelele. Labda alilijua jambo lile tangu zamani. Labda lilikuwa jibu la ile pole ya hospitali, lililochelewa miaka yote ile, na la leo bado hajalijibu. Au ndiyo namna yake ya kuninyima msamaha. Kila nikishika moja naona jingine lina nguvu zaidi, na mpaka leo nimechanganyikiwa vilevile.

Kesho yake nikaingia chumbani, nikaingiza "nisamehe". Binti akaniuliza bibi ajibu nini, kwa kuwa midomo inacheza na watazamaji hawapendi ukimya. Nikamwambia aseme "nishapoa".

Akacheka. Akaniambia leo nimechemka kweli, mtu akiombwa msamaha hajibu hivyo, kwani nani kampa pole?

Nikamwambia najua, aseme hivyohivyo.