Pigo la Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koleo, sikupewa farasi. Zizi lilikuwa pembeni mwa mji wa Arua, mali ya mwanajeshi mstaafu ambaye sote tulimwita Kapteni. Jeshi lilikuwa limempeleka ng'ambo, huko akajifunza kupanda farasi kwa ustadi, na alipostaafu akanunua farasi wanne. Mimi, Kiden wa Ludara, nilikuja kuomba kazi ya kufua.

"Mama, hii si ng'ombe," aliniambia. "Ng'ombe unasukuma. Hii unaomba."

Nilizoa samadi msimu mzima kabla ya kuruhusiwa kukaa kwenye tandiko. Ndipo akanifundisha kanta. Ninyi vijana mkiona farasi kwenye simu mnadhani mbio ni mbio tu. Kanta ni mbio za taratibu zenye mapigo matatu. Mkizunguka kushoto, mguu wa nyuma wa kulia hukanyaga kwanza. Kisha wa nyuma wa kushoto na wa mbele wa kulia hutua pamoja. Mwisho hutua wa mbele wa kushoto, ndio unaoongoza. Baada ya hapo miguu yote huwa hewani kitambo kidogo, nawe unajiona kama ardhi imekusahau.

Kuomba kanta ni kazi ya mwili. Unabana hatamu kidogo, unaachia, ili farasi ajue kuna jambo linakuja. Mguu wako wa upande mnaokata kona unabaki penye mshipi wa tandiko, chini ya tumbo la farasi, ule mwingine unarudi nyuma kidogo, na kiuno chako kinamfuata. Ukikaza kiuno, umemfungia mlango.

Kapteni alisimama katikati ya uwanja, macho ameyafumba, akisikiliza kwato.

"Pigo ikiharibika, usipige yeye," alisema. "Uliza mwili yake kwanza. Yeye hana mdomo ya kusema iko mgonjwa."

Nilifanya kazi kwake hadi mvi zikaniota. Farasi niliyempanda zaidi alikuwa jike mwekundu, Hariri, nami nilikuwa nimemfundisha tangu hajajua tandiko. Kisha figo za Kapteni zikaanza kufa. Matibabu yakamla, akauza farasi mmoja mmoja. Hariri alinunuliwa na mwenye nyumba ya wageni Koboko, nami nikahamia naye huko, chini ya mkubwa huyo mpya, tuliyemwita Meneja.

Meneja hakuwa mtu mkatili, ila farasi kwake alikuwa pambo. Zizi alilijenga karibu na kijito chenye vichaka, na vichakani kulikuwa na mbung'o. Haukupita muda mrefu Hariri akaanza kukonda. Fizi zikapauka, miguu ikavimba, homa ikawa inakuja na kuondoka. Daktari wa mifugo alimtoa damu akatuambia ni ugonjwa wa mbung'o. Alimdunga sindano.

"Apumzike mpaka nirudi," alisema. "Damu imepungua. Moyo wake hautabeba mbio."

Kabla daktari hajarudi, Meneja akaalika wageni kufungua ukumbi mpya, wengi wao wafanyabiashara wa Oraba. Asubuhi hiyo alikuja zizini.

"Kiden, wageni nakuja saa kumi. Mi nataka waone yeye nakimbia ile yenu ya madaha."

"Mkubwa, Hariri iko mgonjwa. Daktari alikataza."

"Mzunguko mbili tu. Ama nitafute mutu ingine ya kupanda?"

Huyo mtu mwingine angempiga, nilijua. Ndivyo nilivyojiambia nikifunga mshipi wa tandiko. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa pia kurudi Ludara mikono mitupu, mwanamke wa umri wangu asiyejua kazi nyingine.

Niliomba kanta, Hariri akanipa. Katika mzunguko wa kwanza nikasikia mapigo manne. Ile miguu miwili iliyopaswa kutua pamoja ilikuwa imeachana. Nguvu za mgongo zilikuwa zimekwisha, anajikokota tu. Wageni walipiga makofi. Wao wangejuaje? Uwanjani pale ni mimi peke yangu niliyejua kuhesabu. Ningeweza kumsimamisha kwa vidole viwili tu kwenye hatamu, lakini nikamwomba mzunguko wa pili.

Alianguka kwenye kona, kwa magoti kwanza, kisha ubavu. Niliruka chini nikamshika kichwa. Alipumua kwa shida mpaka jua likaelekea kuzama, kisha akaacha. Meneja aliwahamishia wageni ndani, kwenye chakula.

Nilipanda gari kwenda Arua kumwona Kapteni hospitalini. Alikuwa amekonda sana, lakini aliponiona alijaribu kuketi.

"Hariri namna gani?"

"Amekufa, Afande. Alikuwa mgonjwa, nami nilijua. Nilisikia mapigo manne nikaendelea."

Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Aligeuka kitandani, akaelekeza uso ukutani. Nilikaa kwenye kiti mpaka muuguzi akaniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Siku tatu baadaye nikaitwa kwenye msiba wake.

Sikurudi Koboko. Sasa nalima muhogo Ludara, na uwanja wetu wa Arua umekuwa maegesho ya malori. Watu husema mzee asife na ujuzi wake. Ujuzi wangu wote nimewaandikia hapa, ingawa hakuna farasi aliyebaki wa kuwafundishia. Kama angekuwapo hata mmoja, sijui ningethubutu vipi kumgusa.