Kuku Aliyemsomesha Kemuma

Kemuma alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala usiku mmoja ukaisha. Huu wake uliamka naye asubuhi, ukavaa viatu, wakatoka pamoja. Alikuwa mama wa watoto watatu, aliyeingia chuo cha ualimu akiwa mtu mzima hivi kwamba wenzake darasani walimwita mama bila utani. Sasa alikuwa katika muhula wa mazoezi ya kufundisha, tipii kama wanavyoiita wenyewe, kwenye shule moja ya msingi huko Gesima iliyozungukwa na chai pande zote.

Hapa nina neno, na anayetaka kununa anune. Karo ya chuo ina watu wake. Kuna basari ya wadi, kuna harambee ya kanisa, kuna mjomba aliye Nairobi. Lakini tipii haina mwenyewe. Ukishakwenda mazoezini kila mtu anadhani umeajiriwa, na majirani wakikuona na vitabu kwapani wanakuja kukuomba sukari. Kumbe mwanafunzi wa ualimu halipwi hata senti! Karatasi za manila za kuchorea chati anunue yeye, gundi anunue yeye, na mvua ikinyesha pikipiki ya kumfikisha shuleni ni juu yake. Mumewe Machogu alikuwa Tabaka akichonga mawe, na msimu huo wanunuzi walikuwa wamepotea. Alirudi nyumbani kila Ijumaa kabla ya Sabato akiwa mweupe kwa vumbi, mikono mitupu. Bonasi ya chai nayo huja Oktoba, na chuo hakimngojei mtu.

Basi aliyemsomesha Kemuma alikuwa kuku. Msicheke. Kuku wake walikuwa kundi zima, kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, kikapita, akabaki mmoja wa madoadoa, mtagaji asiyejua likizo. Mayai yalikwenda kwa Nyangau mwenye duka, yakarudi yakiwa manila, kalamu za rangi, na nauli ya siku za matope. Majirani walimtania. Mama Natasha, walimwambia kwa jina la mwanawe, siku ya mahafali huyo kuku wako ndiye atakayevaa joho. Kemuma alicheka nao, lakini jioni alimfungia kuku huyo jikoni kabla hajawafungia watoto mlango.

Wakaguzi kutoka chuoni humwona mwanafunzi mara tatu. Ya kwanza alipita kwa shida. Ya pili alianguka, kwa sababu chati yake ililoa njiani na maandishi yakatiririka. Ya tatu ndiyo ingeamua, na akianguka hiyo angerudia muhula mzima mwaka unaofuata. Hilo lilimnyima usingizi. Kurudia maana yake manila nyingine, nauli nyingine, miezi mingine bila kibarua cha kuchuma chai, na Kemuma alijua moyoni kwamba hangerudia. Angeacha. Miaka yote ile ingekwenda na maji.

Nyanchera, waliyesoma naye chuoni na ambaye alikuwa mazoezini shule ya jirani, ndiye aliyemtia maneno. Alimuuliza wale wakaguzi wawili aliwapa nini. Kemuma akasema chai na mkate. Nyanchera akatikisa kichwa, akasema ndiyo sababu. Mwalimu mkuu, Bosire, naye alitia chumvi kwa kusema kwamba mgeni wa chuo haondoki shuleni kwake na tumbo la chai, eti aibu hiyo ingembakia nani? Na kwao, kweli, mgeni mzito hawekewi mboga peke yake. Kumwekea kuku ni kumwambia kwamba umemwona. Tena chuo hakikuwa kimeomba chakula, lakini nani angeuliza?

Alhamisi, kabla hakujapambazuka, Kemuma alimchinja kuku wake kwa mkono wake mwenyewe. Watoto walikataa kutoka kitandani. Alimpika mpaka akalainika, akasonga ugali wa wimbi, akapika chinsaga, mboga chungu ya kwao, kwa maziwa kama alivyofundishwa na mama yake, akafunga vyombo kwa kitenge na kupanda pikipiki kwa ahadi ya kulipa baadaye. Kichwa kilimuuma. Alijiona mwizi.

Mkaguzi alikuwa mgeni kwake, mtu wa makamo, mpole, aliyetaja jina lake mlangoni. Kemuma alikuwa na hofu kiasi kwamba jina liliingia sikio hili likatokea lile. Akamwelekeza kwenye kiti cha nyuma, akaanza somo. Lilikuwa la sehemu, gredi ya tatu. Hakuwa na chati, maana pesa ya manila ilikuwa mayai, na mayai yalikuwa yamekwisha. Alikata ndizi mbele ya watoto, nusu, kisha robo, akawaita wazirudishe pamoja ziwe ndizi moja. Watoto waligombania kujibu. Walipoanza kuchora, aliegemea ubao akasinzia akiwa amesimama, dakika tu, mpaka Celestine, msichana wa dawati la mbele, akamvuta sketi taratibu. Alipofumbua macho mkaguzi alikuwa anaandika.

Saa ya chakula Bosire aliandaa meza katika ofisi ya walimu. Kemuma aliweka firigisi juu kabisa, upande wa mgeni. Mkaguzi akanawa, akashukuru, akamega ugali akala na chinsaga, akaongeza chinsaga tena. Kuku hakumgusa. Bosire akamsukumia bakuli, akamsihi, akamsihi tena. Mgeni akatabasamu, akasema ameshiba. Basi Kemuma akajua. Mtu akiamua kukuangusha hawezi kula kuku wako. Alitoka nje, akaenda nyuma ya jiko la shule, akaketi juu ya kuni na hakuweza hata kulia.

Mkaguzi alimfuata huko baada ya muda. Alisimama mbali kidogo kwa adabu.

"Mwalimu, nisamehe kwa kuku wako," alisema. "Naitwa Sabir, nimezaliwa Kisii mjini, sisi ni Waislamu. Nyama siili mpaka ichinjwe na mwenzangu wa dini. Sikutaka kukuaibisha mbele ya mkubwa wako."

Kemuma alimtazama. Sabir! Jina mgeni alilitamka mwenyewe pale mlangoni na lilikuwa linasema kila kitu, kama angekuwa na masikio siku hiyo. Akajikuta anamweleza yote bila kupanga, kuhusu kideri, mayai, duka la Nyangau, na maneno ya Nyanchera. Sabir alisikiliza kichwa chini.

"Alama zako niliziandika darasani, ndizi iliporudi kuwa moja," alisema. "Umepita, mwalimu. Ulikuwa umepita kabla sijanawa mikono."

Kemuma alicheka. Kicheko kilimtoka kikali, kisha kikageuka, na hapo ndipo machozi yalipokuja. Alikuwa na furaha, ndiyo, asingesema uongo. Lakini kuku alikuwa bakulini.

Sabir akamuuliza amekula nini tangu asubuhi. Sabir akamwambia aende ofisini aketi ale, alasiri hiyo darasa atalishika yeye. Kemuma akakataa, akasema haifai. Sabir akasema yeye ndiye mkaguzi na anasema inafaa. Basi Kemuma aliketi peke yake kwenye meza ya walimu, akala kuku wake kuanzia firigisi, huku nyuma ya ukuta akisikia sauti ngeni ikiwauliza watoto wake nusu ya robo ni nini. Alikula polepole. Alichobakiza aliwafungia watoto nyumbani, na huo ndio mlo wa kwanza wa nyama aliokula akiwa ameketi muhula mzima.

Kesho yake alfajiri alimwaga makombo ya ugali mlangoni akaita kwa ulimi, kama kawaida. Alisimama hapo kitambo na sahani mkononi. Mazoezi yalikuwa bado na wiki kadhaa, na chuo hakimwachilii mtu kwa sababu amepita. Mvua ilikuwa inanyesha. Kemuma alivua viatu, akavitia mkobani pamoja na vitabu, akashika njia ya shule kwa miguu.