Tairi Rahisi ya Mbele

Siku niliyokwenda kuomba kazi niliambiwa ninuse tairi. Mkuu wa Karakana wa wakati huo alikuwa mzee mmoja Mteso, mtu wa kabila la Wateso wa upande wa Malaba, mikono yake kama koleo. Alisimamisha tairi tatu ukutani akasema, "Nusa, halafu uniambie mgonjwa ni ipi." Nilidhani ananichezea, maana watu wa karakana hupenda kumcheka mgeni. Nikanusa. Mbili zilinuka mpira. Ya tatu ilinuka viatu vya mwalimu.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Imekaa juani mpaka ikapasuka, wakaipaka rangi ya viatu ili ing'are. Kesho uje saa moja."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, mimi mtu wa Bukhayo niliyeacha shule darasa la tatu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na huo ulikuwa mradi wa kumaliza mbung'o, yule nzi anayeng'ata ng'ombe na watu na kuleta ugonjwa wa kulala. Vijana wetu walipanda pikipiki kwenda vichakani kando ya mito kukagua mitego ya kitambaa cha buluu. Pikipiki zenyewe hazikuwa hizi za boda mnazozijua. Zilikuwa ndefu, za kupanda milima, ukikaa juu unagusa chini kwa vidole tu. Zilikuja na tairi zake nzuri kutoka ng'ambo. Tairi zikaisha, ng'ambo wakanyamaza, tukaambiwa tujitafutie za bei rahisi hapa hapa. Kazi yangu ikawa kuchagua tairi rahisi ambayo haitaua mtu.

Sasa vijana wa siku hizi mnanunua tairi kwa kuangalia meno, mkiona meno makubwa mnasema hiyo ndiyo. Meno ni kitu, sikatai. Meno yaliyobanana hushika udongo wa Marachi mvua ikinyesha, na kabla hujafika mbali tairi imekuwa laini kama andazi. Meno yaliyoachana hutapika matope. Lakini hayo yaliyoachana sana, ukiyatia kwenye lami yanatetemesha mikono na kuisha kama sabuni. Sisi tulitaka ya katikati. Halafu unauuliza mpira wenyewe. Bonyeza kucha kando ya jino: alama ikirudi polepole, mpira uko hai. Kucha ikikuuma wewe, huo ni ubao. Pindua tairi, fungua katikati ya meno, tafuta nyufa nyembamba kama za kisigino cha mwanamke anayelima shamba. Na uangalie duka lenyewe. Anayetundika tairi nje kwenye msumari, jua likizipika mwaka mzima, mpite. Mjini Busia nilikuwa nikienda kwa Hajji mmoja aliyeziweka ndani gizani kama mbegu.

Malaba kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Uganda, aliyekuwa akivuka mpaka na tairi begani. Huyo alikuwa na mdomo, na "bwana" kwake ilikuwa "ssebo".

"Ssebo, chukua hii. Haijaona jua. Imelala chini ya kitanda changu."

"Na bwana yako analala wapi?"

"Juu ya tairi. Ndiyo maana haikuibwa."

Tulicheka, lakini nikaibonyeza kucha hata hivyo. Ilikuwa hai. Mwanamke huyo hakuwahi kunidanganya, na siwezi kusema hivyo juu ya watu waliosoma.

Pale karakana tulikuwa na desturi. Hakuna aliyetoka langoni kabla hajaniuliza. Kijana anawasha pikipiki, ananiangalia, anasema, "Mzee, nipande?" Mimi nainama, nashika tairi ya mbele, ya nyuma, napiga spoki kwa spana nisikie sauti. Nikisema "Panda," anakwenda. Nikinyamaza, anazima. Yule Mkuu Mteso ndiye aliyeianzisha. Alisema karatasi haijui tairi.

Akastaafu, akaenda kwake kufuga nyuki. Akaletwa Mkuu wa Karakana mpya, kijana wa chuo, shati jeupe ndani ya karakana. Mtu anayekuja na shati jeupe mahali pa grisi amekwisha kukuambia nani atafanya kazi. Juu yake alikuwa Meneja wa Mradi, ambaye sisi tulimwona akipita tu, kioo kimefungwa.

Huyo Mkuu mpya akasema habari ya kwenda kwa Hajji na kwa mama wa Malaba basi. Sasa tairi zitaletwa na mtu mmoja aliyeshinda zabuni. Zikaja nane, zinang'aa. Nikabonyeza ya kwanza, kucha yangu ikapasuka. Nikainusa. Nadhani mmeshaelewa ilinuka nini.

Nikamwambia, "Boss, hizi zimekufa."

Akaniuliza mbele ya watu wote, "Mzee, umesoma mpaka wapi?"

"La tatu."

"Basi soma hapa." Akaweka kidole kwenye maandishi ya ubavuni. Niliona herufi kama siafu. "Hapa imeandikwa ni ya njia zote, uzito wake, mwendo wake. Na kucha yako imeandikwa nini?"

Watu wakacheka. Barasa hakuwepo siku hiyo, nafikiri yeye asingecheka. Barasa alikuwa kijana wa Butula, mwendeshaji wetu hodari, aliyekagua mitego ya Marachi yote. Aliniita Baba Mkubwa na hatukuwa na udugu wowote.

Mkuu akasema zile tairi zifungwe mbele, na nzuri zilizobaki ziende nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kwenye kazi. Kosa hilo hata leo mnalifanya. Mtu akikwama kwenye matope anaona nyuma inazunguka bure, anafikiri uhai wake uko nyuma. Nikamwambia, "Nyuma inasukuma tu. Mbele ndiyo inachagua mahali pa kwenda. Nyuma ikiteleza utacheza dansi. Mbele ikiteleza umelala chini."

Akanivuta kando, akashusha sauti. "Wafadhili wanakuja wiki ijayo kuona mitego. Ukikataa, pikipiki nane zinalala hapa. Meneja ataniuliza nani amezizuia, na mimi nitaandika jina moja."

Nilikuwa na watoto watano na shamba la mihogo. Kazi nyingine Busia ilikuwa kuvusha mizigo kwa baiskeli, na goti langu lilikuwa limeshakataa. Nikazifunga. Mikono hii ndiyo iliyozifunga, na nilizifunga vizuri, upepo sawasawa, mshale wa ubavuni ukielekea mbele, kama mtu anayemvalisha maiti suti.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha. Barasa akawasha. "Baba Mkubwa, nipande?"

Niliinama. Nikashika tairi ya nyuma. Ya mbele sikuishika. Nikapiga spoki moja nikasema, "Panda."

Kabla ya saa sita watu wakaja kutuambia. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni, njia ya Butula, pale murram ya udongo mwekundu ikilowa inakuwa kama mlenda, tairi ya mbele iliondoka chini yake. Pikipiki ikamsukuma kwenye saruji ya daraja dogo na kumwangukia mguu. Hospitalini waliukata juu ya goti.

Meneja alishuka garini siku hiyo, mara yetu ya kwanza kuviona viatu vyake. Akauliza, "Nani alisema pikipiki iko sawa?" Watu wote wakaniangalia mimi, na hawakukosea. Jioni Mkuu akaniletea karatasi niweke sahihi. Jina langu naweza kuandika. Nikaomba anisomee kwanza. Akasoma kwamba mwendeshaji alikwenda mbio kupita kiasi, na tairi zilikuwa nzuri.

"Lakini Barasa hakwenda mbio," nikasema. "Yule huendesha kama anabeba mayai."

"Unataka waandike nani, mzee? Wewe?"

Nikaandika jina langu. Kwa karatasi hiyo Barasa alifukuzwa kazi akiwa bado kitandani. Mkuu alipandishwa cheo akahamishiwa Kisumu. Mimi nilibaki, nikafunga tairi mpaka mradi ulipofungwa. Siku ya kuagana tulikunywa soda, nikapewa cheti chenye fremu, na Meneja akasema mimi ni nguzo ya mradi. Watu walipiga makofi. Mke wangu alikitundika. Mimi nilikitundua, akakitundika tena, sasa kiko nyuma ya mlango.

Kazi ilipoisha ndipo nilipokwenda Matayos sokoni. Nilikuwa nimemkwepa Barasa miaka, nikimwona njiani nageuza baiskeli. Barasa alikuwa amekaa juu ya gunia, anauza mbegu za mahindi, magongo mawili kando yake. Alinisogezea kiti. Akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa jina.

Nikamwambia, "Barasa, ile tairi nilijua."

Alikuwa akimpimia mama mmoja mbegu. Akamaliza kupima, akamwongezea konzi moja, mama akaenda zake.

"Ulijua imekufa?"

"Nilijua. Nilikuwa nimeibonyeza. Lakini yule Mkuu angeniandika, na mimi..."

"Hayo ya Mkuu ninayajua," akasema. Hakupandisha sauti. "Ulikuwa na watoto. Ningepanda tu, Baba Mkubwa, hata mimi nilikuwa na watoto. Lakini ungeninong'oneza pale langoni. Ningeshuka ule mteremko kwa miguu, nikiikokota pikipiki."

Miaka yote hiyo nilihesabu njia mbili tu, kukataa au kusema "Panda". Ya tatu sikuiona, na ilikuwa maneno mawili au matatu, sikioni.

Mteja mwingine akaja. Barasa akaniomba nimshikie mdomo wa gunia, nikaushika.